Mkono Unaokataa Kunyooka: Namna Ugwe wa Mgongo Unavyopima na Kuongoza Misuli

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wanafunzi wa uuguzi na fiziotherapia, pamoja na familia zinazouguza ndugu waliopata kiharusi. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazazi wangu, ndugu zangu, wanafunzi wangu, asanteni kwa kuja.

Kila mmoja akunje mkono wake wa kulia, kiwiko kikae ubavuni, kiganja kitazame juu. Vizuri. Sasa jirani yako akuwekee kitabu kiganjani bila kukuonya. Umeona? Mkono umeshuka kidogo, ukasita, ukarudi juu. Nani ameamua kwamba ushuke kidogo tu, usifike chini? Nani amepima uzito wa kile kitabu? Wewe ulikuwa unanisikiliza mimi!

Jibu la kwanza kabisa la mkono ule halikutoka kichwani. Lilitoka kwenye ugwe wa mgongo, ule mkusanyiko mnene wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi kiunoni. Ubongo uliongeza yake baadaye kidogo. Watu wengi hudhani ugwe ni njia tu, ujumbe unapanda na kushuka basi. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba ugwe hupima, hulinganisha na huamua. Na kwamba ubongo, kwa sehemu kubwa ya kazi yake juu ya misuli, huwa unarekebisha maamuzi hayo. Mkilishika hilo, mtamwelewa mgonjwa wenu kwa namna nyingine kabisa.

Tuanze na goti.

Mwaka 1875 madaktari wawili wa Ujerumani, Wilhelm Erb na Carl Westphal, kila mmoja kwa upande wake, walichapisha katika jarida moja habari ya jambo lile lile: ukigonga kano iliyo chini ya pia ya goti, mguu unaruka mbele. Waliona kitu kimoja, wakakieleza tofauti. Erb alisema hii ni refleksi: habari inakwenda kwenye ugwe na amri inarudi. Westphal akakataa. Kwake jambo hili lilikuwa la msuli wenyewe, umeguswa ukashtuka, neva hazina sehemu katika safari hiyo. Msimdharau Westphal. Mguu unaruka upesi mno, na mtu makini ana haki ya kuuliza kama kweli ujumbe ungeweza kwenda mpaka mgongoni na kurudi kwa muda ule.

Lakini ni Westphal huyo huyo aliyetambua kwamba kwa wagonjwa ambao kaswende imewaharibu neva za mgongoni, goti haliruki kabisa. Msuli upo. Nguvu ipo. Goti halijibu. Kwa nini? Kwa sababu kilichoharibika ni mizizi ya nyuma ya ugwe, ile inayoingiza habari. Majaribio ya wanyama yaliyofuata, ya Mwingereza Charles Sherrington yakiwemo, yakamaliza ubishi: kata mizizi ya nyuma, acha ya mbele inayotoa amri ikiwa nzima, na goti linanyamaza. Erb alikuwa sahihi.

Na ule upesi? Nyuzi za neva zinazobeba habari hii ni miongoni mwa nyuzi nene na zenye kasi kuliko zote mwilini. Ujumbe hukimbia ndani yake mita 70 hadi 120 kwa sekunde. Tena ndani ya ugwe hakuna foleni. Uzi unaoleta habari unaigusa moja kwa moja neva ya mwendo ya msuli ule ule. Kiungo kimoja tu, sinapsi moja; David Lloyd alilithibitisha hilo mwaka 1943. Kwa hiyo kuanzia nyundo inapogusa kano hadi msuli wa paja kuanza kuamka ni kama milisekunde 20. Mtu anayebonyeza kitufe akiona taa imewaka huchukua karibu milisekunde 200. Ubongo wako unapopata habari kwamba umegongwa, msuli umekwisha kujibu.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa ninyi wanafunzi. Hakuna mtu anayetembea maishani akigongwa magoti kwa nyundo! Basi refleksi hii ni ya kazi gani? Mwaka 1924 Sherrington na mwenzake Edward Liddell walifanya jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko nyundo. Walichukua msuli, wakauvuta milimita chache, wakauacha umevutwa. Msuli ukakaza dhidi ya mvuto ule, ukaendelea kukaza. Wakikata neva zake, au mizizi ya nyuma peke yake, kukaza huko kunatoweka na msuli unavutika kirahisi. Nyundo, kumbe, ni mvuto mfupi tu. Refleksi yenyewe inafanya kazi wakati wowote msuli unaporefushwa na kitu kisichotarajiwa: kitabu kiganjani, jiwe chini ya unyayo, mtoto anayekurukia mgongoni.

Habari hiyo inatoka wapi?

Ndani ya msuli kumetawanyika vihisi vidogo vyenye umbo la pia, vyembamba kwenye ncha na vinene katikati, urefu wa milimita chache. Msuli mmoja unaweza kuwa na makumi hata mamia. Misuli midogo ya shingo imejaa sana. Kila kihisi kimelala sambamba na nyuzi za msuli, hivyo msuli ukirefuka nacho kinarefuka. Katikati yake zimezungushiwa ncha za neva, na katika utando wa ncha hizo zipo protini zinazofunguka zikivutwa na kuruhusu chaji ya umeme kuingia. Iliyo kuu kati yake inaitwa Piezo2, na Ardem Patapoutian, ambaye maabara yake iliigundua, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na David Julius.

Ncha hizo ni za aina mbili, na tofauti yake ndiyo nitakayoirudia nikifika kwa wagonjwa, kwa hiyo ishikeni. Aina ya kwanza huitika zaidi kwa kasi. Msuli ukivutwa haraka, inalipuka. Ukivutwa polepole, inasema kwa utulivu. Aina ya pili haijali sana kasi, inatoa taarifa ya urefu tu. Kasi na urefu. Kasi na urefu! Ugwe wa mgongo unavijua vyote viwili, wakati wote, kwa karibu kila msuli unaouongoza.

Kipo kihisi kingine, na hiki hakikai sambamba na nyuzi. Kinakaa pale msuli unapoungana na kano, kimefungwa mfululizo na nyuzi chache, kwa hiyo hakipimi urefu, kinapima nguvu inayovuta kano. Camillo Golgi wa Italia alikieleza mwishoni mwa karne ya 19. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba kihisi cha Golgi kinaamka nguvu inapozidi kiasi tu, ili kuuzuia msuli usijichane. Mwaka 1967 James Houk na Elwood Henneman walionyesha kwamba kihisi hiki huitikia hata nguvu ya kikundi kimoja tu cha nyuzi za msuli, nguvu ndogo kabisa. Kinapima daima. Na katika paka wanaotembea, habari ya nguvu ambayo wakati wa kupumzika inauzuia msuli, mguu unapobeba mwili inageuka na kuusaidia uendelee kubeba. Habari ile ile, maana tofauti, kutegemea mwili unafanya nini. Mnaona kwa nini nasema ugwe unaamua?

Je, mtu anaweza kuishi bila vihisi hivi? Ian Waterman, Mwingereza, alipata maambukizi mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 19, na kinga ya mwili wake ikashambulia neva zake. Nyuzi nene zinazoleta habari za mguso na za misuli ziliharibika kuanzia shingoni kwenda chini. Nyuzi zinazopeleka amri zilibaki. Misuli yake ilikuwa na nguvu zote, naye akalala kitandani asiweze kukaa. Akinyanyua mkono, hajui umefika wapi. Kwa juhudi za muda mrefu alijifunza upya kukaa, kusimama na kutembea kwa kutumia macho: anautazama mguu, anaufikiria, anausogeza. Taa ikizimwa ghafla, anaanguka. Kila anachofanya ni kazi ya akili. Ninyi mliotembea kuingia ukumbini huku mkiongea, ni nani kati yenu aliyeufikiria mguu wake hata mara moja?

Sasa kuna fumbo ambalo ni wanafunzi wachache hulitafakari. Kihisi cha urefu kiko sambamba na msuli. Msuli ukijikunja kwa hiari yako, unafupika. Kihisi kilichomo ndani yake kitalegea kama kamba ya kuanikia nguo ambayo nguzo zake zimesogezwa karibu. Kikilegea, kinanyamaza. Yaani wakati ule hasa unapofanya kazi, ugwe ungekuwa kipofu! Mwili unakwepaje hilo?

Kihisi kina misuli yake midogo kwenye ncha zake mbili, na misuli hiyo ina neva zake nyembamba. Mwaka 1945 Lars Leksell wa Sweden alionyesha kwamba neva hizo nyembamba haziongezi nguvu ya msuli wenyewe. Zinakaza kihisi tu. Zikikikaza, kinabaki na uwezo wa kuhisi hata msuli ukifupika. Hapo likazuka wazo kubwa. Patrick Merton, mwaka 1953, alipendekeza kwamba labda ubongo unapotaka kusogeza mkono unaamrisha vihisi kwanza, na refleksi ndiyo inayouburuta msuli nyuma yao. Lilikuwa wazo zuri na lilivutia wengi. Lingejulikanaje kuwa kweli? Wasweden wawili wa Uppsala, Karl-Erik Hagbarth na Åke Vallbo, walichukua sindano nyembamba za tungsteni wakazichoma kwenye neva za mikono yao wenyewe, wakiwa macho, wakasikiliza. Vallbo akaona kwamba mtu anapokunja msuli kwa hiari, vihisi vinaanza kusema baada ya msuli kuamka, si kabla. Wazo la Merton likaanguka. Kilichobaki ndicho tunachofundisha leo: amri ya msuli na amri ya kihisi huondoka pamoja, ili msuli ufanye kazi na kipimo kibaki hai.

Na kama kipimo kinaweza kukazwa, basi kinaweza kukazwa zaidi au pungufu. Refleksi yenyewe nayo huongezeka na kupungua, na hilo mnaweza kuliona bila maabara. Mwenzako akae juu ya meza miguu ikining'inia, umgonge gotini, uone mguu unarukaje. Kisha mwambie aunganishe vidole vya mikono miwili mbele ya kifua, avute kwa nguvu pande mbili, na wakati anavuta umgonge tena. Goti litaruka zaidi. Ernő Jendrassik wa Hungaria aliieleza mbinu hii katika miaka ya 1880 na madaktari wanaitumia mpaka leo. Mikono inavuta, goti linaongezeka! Njia ya refleksi haikubadilika, sinapsi ni ile ile moja. Kilichobadilika ni hali ya ugwe wenyewe.

Kuna upande mwingine wa ugwe ambao hausikiki kwenye mlio wa nyundo, nao ni kuzuia. Msuli wa mbele ya paja unapokaza, wa nyuma lazima ulegezwe, la sivyo viwili hivyo vitashindana na goti halitasogea. Uzi ule ule unaoleta habari ya mvuto unatoa tawi kwa neva ndogo ya kati, nayo inamnyamazisha mpinzani. Sherrington alilifanyia kazi jambo hili miaka mingi, na mwaka 1932 akapewa Nobel pamoja na Edgar Adrian kwa uchunguzi wao wa kazi za neva.

Mnataka kujua kuzuia kuna thamani gani? Mtazameni mgonjwa wa pepopunda. Sumu ya bakteria inaingia kwenye neva kupitia jeraha, inapanda ndani ya neva hadi kwenye ugwe, na huko inazifunga neva za kuzuia zisitoe kemikali zao. Hakuna amri mpya iliyoongezwa. Kilichoondolewa ni kuzuia tu. Taya linafunga, mgongo unapinda kama upinde, misuli ya kukunja na ya kunyoosha inakaza pamoja, na sauti ndogo ya mlango inatosha kuamsha mkakamao wa mwili mzima. Nimemuona mgonjwa wa namna hiyo, na kila ninaposikia mtu anadharau chanjo ya pepopunda natamani angekuwapo chumbani.

Sasa nije kwenu, ndugu zangu mnaouguza.

Mara kwa mara nakutana na binti au mwana anayeniambia: "Daktari, baba hataki kunyoosha mkono. Nikimvalisha shati anaukaza makusudi." Mmoja alikuwa amefika mahali hamsemeshi baba yake wakati wa kumvalisha. Nikamwomba anionyeshe anavyofanya. Akaushika mkono, akauvuta haraka aumalize. Ukakaza. Akavuta kwa nguvu zaidi. Ukakaza zaidi. Nikamwambia, hebu tuufanye tena, ila hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla kiwiko hakijanyooka. Mkono ukaja. Haukuja wote, lakini shati liliingia.

Mnakumbuka ile aina ya kwanza ya ncha, ile inayolipuka kwa kasi? Kiharusi hakikuharibu refleksi ya baba. Kilikata njia kutoka ubongoni ambazo kazi yake moja ni kuipunguza. Siku za mwanzo baada ya kiharusi mkono huwa umelegea kabisa, na refleksi ni dhaifu. Wiki zinapita, ugwe unaamka bila mrekebishaji wake, na sasa mvuto wa haraka hata kidogo unajibiwa kwa nguvu kupita kiasi. James Lance wa Australia aliliandika mwaka 1980 katika maelezo yake ya hali hii: ukakaza unaoongezeka kadiri ya kasi ya mvuto. Kadiri ya kasi! Baba hakukatai wewe. Anayekujibu ni ugwe wake, tena unajibu kile ulichokifanya milisekunde chache zilizopita.

Kwa hiyo polepole. Mkono, vidole, kisigino, wakati wa kuosha, kuvalisha au kumgeuza, polepole. Mguu ukianza kutetemeka mfululizo, kisigino kikipigapiga chini, mjue ni refleksi inajirudia yenyewe: mvuto unaleta ukakaza, ukakaza unaleta kulegea, kulegea kunaleta mvuto. Usiukandamize. Punguza mvuto, acha vidole vya mguu vishuke, utatulia. Sitawadanganya kwamba upole unayeyusha kila kitu. Baada ya miezi, msuli wenyewe na kano zake vinaweza kufupika, na hiyo si refleksi tena. Hapo mnahitaji mtu wa fiziotherapia awaone mapema, si baada ya mwaka.

Ukakaza ukiongezeka ghafla kwa mgonjwa aliyekuwa ametulia, usidhani ni kiburi wala usidhani tu ni kiharusi kinaendelea. Mkague. Kibofu kimejaa? Amefunga choo? Ana kidonda cha kulalia, ukucha uliozama nyamani, maambukizi ya njia ya mkojo? Maumivu ambayo hawezi kuyasema yanaingia kwenye ugwe ule ule na kuuchochea. Nimeona mkono uliokakamaa kwa siku kadhaa ukilegea baada ya kidonda cha kisigino kutibiwa.

Na la mwisho, kwa wale ambao wagonjwa wao wanatumia baklofeni, dawa ya kupunguza ukakaza wa misuli. Dawa hii inafanya kazi ndani ya ugwe, inaiga sehemu ya kuzuia kulikopotea na kupunguza kile kinachotolewa na nyuzi zinazoleta habari ya mvuto. Ugwe unaizoea. Msiikatishe ghafla, hata kama mgonjwa ameonekana amepona, hata kama vidonge vimeisha na mnasubiri. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege na kuona vitu visivyokuwepo, na ukakaza kurudi mkali kuliko mwanzo. Vidonge vikibaki vichache, nendeni kwa aliyeviandika kabla havijaisha, naye atapanga namna ya kupunguza kidogo kidogo kama ipo haja.

Asanteni kwa kunisikiliza. Tuingie kwenye maswali. Naomba tuanze na wale waliokuja na wagonjwa wao, ili wawahi kurudi.